Mzee Ndoo na Mkwe Wake wa Maabara

Vijana wa maabara, siku ya kuniaga mlinishika shati mkaniambia, "Baba Lusajo, tuandikie ya kazini kabla hujayasahau." Haya, naandika. Ila mjue mimi ni mtu wa darasa la saba, na mkono wangu umezoea brashi ya kuoshea chupa kuliko kalamu. Na nitataja majina. Anayetaka utamu akanyonye kakao mbichi.

Ya vyeo sitaandika. Niliingia nikiwa mwoshaji wa vyombo na mchukua sampuli, na nimetoka mwoshaji wa vyombo na mchukua sampuli. Katikati hapo walinibadilishia koti.

Nianze na tumbo, maana ndilo lililoniajiri. Kabla ya maabara nilikuwa kibarua wa mashamba ya kakao kule Makwale, Kyela. Ukatokea msiba, na mnajua msiba wa kwetu hauendi bila kimpumu. Pombe ilipikwa na mama mmoja fundi kabisa, sina neno naye. Ikamiminwa kwenye pipa la plastiki la bluu lililonunuliwa Mbugani kwa Mzee Andalwisye, yule ambaye wilaya nzima inamwita Mzee Ndoo. Pipa lile lilikuwa limebeba dawa ya kupulizia kakao. Yeye aliliosha kwa maji ya mto, akalianika, akaliuza likiwa linang'aa kama kipara cha padri. Sisi watatu tuliochimba kaburi tulipewa pombe ya chini, ile nzito, kwa heshima ya jasho letu: mimi, Gwakisa na Lutengano.

Nimebaki mimi.

Hospitali walinipunguza utumbo kama fundi cherehani anavyopunguza suruali. Nilipotoka nikakuta wazee wameshakaa kikao na kuamua kwamba ni mkono wa mtu. Walimtafuta mchawi wakampata, na kama kawaida akawa bibi mmoja asiye na ng'ombe wala mtetezi. Ikabidi ahamie kwa wanawe ng'ambo ya mto, Malawi. Pipa halikuulizwa chochote. Mzee Ndoo alihudhuria misiba yote miwili ya wenzangu, akalia vizuri tu, na mkononi alikuwa na rambirambi. Alileta ndoo.

Basi maabara ilipofunguliwa pale Mbugani, vyumba viwili na kibaraza, wakawa wanatafuta mtu wa kuosha vyombo. Aliyenihoji ni Mzee Ambokile, fundi wa maabara, mtu mwembamba aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na alikuwa anautafuta wa tatu. Akaniuliza, "Unajua nini kuhusu plastiki?" Nikafunua shati nikamwonyesha kovu. Akalitazama kwa miwani yote miwili. Akasema, "Anza Jumatatu."

Jumatatu nilifika na chakula changu cha mchana, wali wa moto na usipa, dagaa wetu wa ziwani, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kama tunavyofunga wote. Mzee Ambokile alikipokea kile kifurushi kwa mikono miwili, nikafikiri ananikaribisha. Alimwaga wali wangu kwenye sahani ya bati, akachukua mkasi, akakata kipande cha mfuko, akakitumbukiza kwenye glasi yenye mafuta ya kula, akakiweka ndani ya oveni yenye joto la wastani. "Sasa kula," akasema. Siku kadhaa baadaye akanipa ile glasi ninuse. Vijana, mafuta yale yalinuka kama kandambili mpya.

Maneno aliyoniambia siku ile ndiyo shule yangu yote. "Baba Lusajo, plastiki ni kama mgeni wa huku kwenu. Haondoki mikono mitupu. Chochote kilicholala ndani yake lazima afungiwe kidogo, na akienda nyumba ya pili anagawa." Tangu hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini ndoo iliyobeba rangi haifai kubeba togwa hata uioshe kwa machozi.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niiandike kama nilivyofundishwa. Chombo cha vitu vichachu kama togwa na maziwa ya mgando unakipima kwa maji yenye siki. Cha pombe unakipima kwa spiriti iliyotiwa maji. Cha vitu vya mafuta unakipima kwa mafuta. Unakata vipande sawasawa, unaviloweka, unavitia kwenye joto siku nyingi kama mtu anayevundika ndizi, na huruhusiwi kuchungulia kila saa. Kisha unavukiza maji taratibu hadi yakauke, na kinachobaki kwenye kibakuli unakipima. Mzee Ambokile alikuwa na msemo: siki ni mpole, spiriti ni mjanja, lakini mafuta ni mmbea, yakilala na plastiki usiku mmoja asubuhi yanajua yote. Mzani wetu ulikuwa mkali kiasi kwamba ukiupumulia vibaya unaandika pumzi yako kuwa sumu. Na katika kuosha vyombo, sabuni ya harufu marufuku, na waya wa kusugulia masufuria marufuku kabisa, kwa sababu unakwaruza glasi na uchafu unajificha kwenye mikwaruzo. Maji mara tatu, mkono mwepesi, unaanika mdomo chini.

Mzee Ambokile alipostaafu akarudi kwao milimani, kwenye baridi, alikodai miwani haipotei. Nafasi yake ikachukuliwa na Tusekile.

Madam Tusekile ni binti wa wafinyanzi wa Ikombe. Mama yake bado anafinyanga vyungu na kuvileta kwa mtumbwi. Alisoma hadi chuo kikuu, akarudi, na hakuwahi kunifokea hata siku moja, jambo ambalo kwa msomi ni kipaji. Yeye peke yake pale ndiye aliyeruhusiwa kutia sahihi kwenye majibu. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa ameolewa na Lugano, kijana mpole, fundi baiskeli. Na Lugano ni mtoto wa nani? Wa Mzee Ndoo.

Kwa mgeni anayesoma haya nieleze, maana hata bosi wetu ilibidi aelezwe. Kwetu mke wa mtoto anamwogopa baba mkwe. Si woga wa fimbo, ni heshima. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawapishani kwenye njia nyembamba, na jina lake hatamki. Siku hizi wengine wanalegeza. Mzee anatoa ng'ombe, mnakula, mnasalimiana, yameisha. Lakini Mzee Ndoo alikuwa hajalegeza, na mtaona kwa nini. Tusekile alikuwa anaishika heshima hiyo hadi kwenye maandishi. Kwa kuwa baba mkwe anaitwa Ndoo mtaani, yeye neno hilo halikutoka mdomoni mwake. Kwenye ripoti zake mtakuta "chombo cha plastiki cha duara chenye mshikio". Mkaguzi mmoja aliwahi kupiga simu kuuliza kama Kyela tuna chombo kipya.

Sasa nije kwenye kesi.

Mama Atu wa Makwale alikuwa anakamua mawese mazuri kuliko wote upande ule, mekundu, mazito, wali ukipikwa nayo jirani anaota. Yalipozidi akaanza kuyauza Mbugani, na ya kuuza akayaweka kwenye ndoo alizonunua kwa Mzee Ndoo. Kwaya moja, sitaitaja kwa sababu nao wamepata aibu ya kutosha, ikanunua mawese hayo kwa ajili ya sherehe yao. Wakala mchana, jioni wakasimama kuimba. Sauti ya kwanza ilitoka nje kabla ya kiitikio. Sauti ya pili ikaifuata mbio. Wa besi alijitahidi kubaki, na waliokaa naye karibu wanasema heri angetoka. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Watu wa afya wakafunga stoo ya Mama Atu kwa lakiri. Wakamwambia, tukithibitisha sumu ni ya mafuta yako, mafuta yote yatamwagwa na kibali chako kimekwisha. Mtaani hawakusubiri uthibitisho. Walishaanza kumwita mama sumu, na mtu mmoja kule Makwale akakumbusha kwamba yule bibi aliyehamia Malawi alikuwa shangazi yake Mama Atu. Hapo mimi masikio yakanisimama. Ule wimbo niliufahamu tangu kiitikio chake cha kwanza.

Mama Atu akaja maabara, akakaa kwenye kibaraza akiwa amejifunga kanga mbili.

"Baba Lusajo," akanambia, "mafuta yangu ya nyumbani yako kwenye vyungu vya Ikombe. Nayala mimi na wanangu kila siku. Mbona sisi hatukimbii?"

"Na yale ya kwaya?"

"Ya ndoo. Za yule mzee."

Tukaleta ndoo moja ya kwake, Madam akakata vipande, akaloweka, akatia kwenye oveni. Umeme wa Kyela mnaujua, kwa hiyo siku ya kuvukiza tuliwasha jenereta. Na jenereta letu likiwaka, Mbugani yote inajua maabara inapika. Madam alikuwa ameinamia vibakuli, mgongo mlangoni, nikasikia kikohozi barabarani. Khoo, khoo. Kikohozi cha mzee anayejitangaza, kama adabu inavyotaka.

Sikuwahi kuona msomi akikimbia vile. Madam alivuta koti la maabara kichwani, akapanda stuli, akatoka dirishani, akaangukia kwenye migomba ya jirani. Mzee Ndoo akaingia mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Ugonile, Baba Lusajo. Nimepita tu kuwasalimu."

"Ndaga, mzee. Karibu."

Akakaribia. Akakaa. Akaniuliza habari za tumbo langu. Yeye! Akaniuliza habari za mvua, za mpunga, za bei ya kakao, na vibakuli kule nyuma vikaungua, kwa sababu mimi sina ruhusa ya kuvigusa na mwenye ruhusa alikuwa kwenye migomba anaumwa na siafu. Harufu ilipofika mlangoni, mzee akavaa kofia. "Naona mna kazi," akasema. Akaenda zake.

Mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili jenereta liliwaka, kikohozi kikaja, Madam dirishani, vibakuli vikaungua. Mara ya tatu mzee alikuja na kigoda chake.

Bosi wetu, Bwana Kitwana, alikuwa mtu wa Tanga, mwungwana sana, aliyeamini kila jambo lina mwongozo wake. Aliniita ofisini.

"Baba Lusajo, kwa nini mtaalamu wangu anatoka dirishani?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akajikuna kichwa, akasema, "Basi tuweke pazia."

"Bosi, pazia halizuii sauti."

"Basi yeye abaki, ni mtumishi, yuko kazini."

Madam alikuwa pale mlangoni, nywele zina majani ya mgomba. "Bosi," akasema kwa upole, "nikibaki, kesho baba ataitisha kikao cha ukoo aseme mkwe amemvunjia heshima. Kuanzia hapo hakuna atakayeuliza habari za vile vyombo. Watauliza habari zangu. Ndicho anachokitaka."

Bwana Kitwana akaamua kwenda mwenyewe kwa Mzee Ndoo na ile ndoo ya Mama Atu mkononi. Nilimsindikiza. Mzee aliipokea, akaigeuza, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti.

"Hii si yangu."

"Mama Atu anasema kainunua hapa."

"Bwana mkubwa, mimi nimeuza ndoo miaka mingi. Ndoo haina jina. Haina ukoo, haina kabila. Ikishatoka mlangoni, ni ya aliyeishika." Akamrudishia kwa mikono miwili. "Kwa sasa ni ya kwako."

Tukataka kuchukua sampuli za dukani kwake. Akatupa za mbele, mpya, zina lebo, zinanukia kiwandani. Stoo ya nyuma, nilikoona mapipa ya bluu kwa macho yangu kupitia mlango uliokuwa wazi nusu, akasema kuna kuku anaatamia asisumbuliwe.

Zilikuwa zimebaki siku chache watu wa afya warudi kwa Mama Atu. Yeye alikuwa haji tena kibarazani. Alikuwa anapita mbali, kanga mbili zimekuwa tatu. Siku ile tulipotoka kwa mzee, Madam Tusekile alishinda mchana kutwa anafuta mzani ambao haukuwa na vumbi. Halafu akacheka peke yake.

"Baba Lusajo. Mimi namwogopa baba, sivyo?"

"Sana, Madam. Migomba ni shahidi."

"Na yeye ananiogopa mimi?"

Nikafikiri. Vijana, nilizaliwa kwenye mila hiyo na sikuwahi kuigeuza nione upande wa pili. Kweli. Baba mkwe naye hatokezi mbele ya mkwewe. Akijua yupo nje, yeye anabaki ndani mpaka mkwe aondoke. Ndiyo maana ya kile kikohozi.

"Basi kesho," akasema, "nitampelekea baba chakula."

Na hapo hakuna wa kumlaumu. Mkwe kupeleka chakula kwa baba mkwe ni heshima juu ya heshima. Asubuhi alipika mbalaga wa ndizi na maharage, kwenye chungu cha Ikombe, akajitanda kanga mpaka ikabaki pua. Tukaondoka maabara kama msafara wa harusi: Madam na chungu chake, Mama Atu na chungu chake cha mawese, Bwana Kitwana na boksi la vijikaratasi vya kupimia dawa, mwenyekiti wa mtaa kama shahidi, na mimi nimebeba meza kichwani. Mtaa ukaona meza inatembea, ukafuata.

Tulimsubiri mzee aingie stoo ya nyuma. Stoo ile ina mlango mmoja na haina dirisha, kwa sababu mwenye kuficha hapendi mwanga. Alipoingia, nikatanguliza hodi kama inavyotakiwa, kwa sauti ya mnada: "Hodiii! Mzee, mkweo yuko uani! Ameleta chakula!"

Ndani tukasikia mapipa yanagongana.

Madam akaweka meza mbele ya mlango ule, akakaa akiupa mgongo.

"Baba Lusajo!" sauti ikatoka ndani. "Mwambie huyo mtoto wa watu nimeshukuru, ndaga fijo, aende salama!"

"Mwambieni baba," akasema Madam akitazama barabarani, "chakula bado cha moto. Nasubiri kipoe."

"Mwambie mimi nakula cha moto!"

"Mwambieni baba ataungua, na mimi nitalaumiwa."

Uani kulikuwa na rundo la ndoo na mapipa yaliyokuwa yanasubiri kuoshwa. Mwenyekiti akachagua mwenyewe, macho kafumba, kama anapiga kura. Mimi nikasuuza ile ndoo kwa maji safi kidogo, Madam akadondoshea yale maji kwenye kijikaratasi. Kingine akadondoshea maji yaliyosuuza chungu cha Mama Atu. Tukasubiri. Watu wa Mbugani kwa mara ya kwanza tangu niwajue walinyamaza.

"Wanafanya nini huko?" sauti ikauliza.

"Tunapima ndoo zako, mzee," nikasema.

"Ndoo hazina jina!"

"Hizi ziko uani kwako, mzee."

Sauti ikasogea mlangoni. "Imetoka rangi gani?"

Nikaangalia. "Haina rangi. Imebaki nyeupe."

"Si nilisema!" Akapiga bati kwa furaha. "Nyeupe! Safi! Mwenyekiti umesikia, andika hapo, safi! Na ya huyo mama sumu?"

"Imekuwa bluu."

"Mmeona sasa! Bluu! Hiyo ndiyo dawa!"

Watu wakaanza kunong'ona, na Mama Atu akashika mdomo. Hata mwenyekiti akasogea kidogo kutoka kwenye chungu. Madam hakugeuka.

"Mwambieni baba," akasema, na aliongeza sauti ili mtaa wote umsaidie kumwambia, "karatasi hii ikikutana na maji safi hugeuka bluu. Ikikutana na dawa ya mashambani inashindwa, inabaki nyeupe. Chungu cha Mama Atu ni kizima. Chombo cha baba kimeua rangi kabla haijazaliwa."

Sitasahau kelele zile. Mama Atu alikaa chini kwenye vumbi. Mwenyekiti akachagua ya pili, nyeupe. Ya tatu, nyeupe. Bwana Kitwana akaanza kubandika lakiri, na kila alipobandika alimwomba radhi mlango wa stoo.

Sasa jua la Kyela la saa saba, bati juu, hakuna dirisha, na mzee mwenye mwili. "Baba Lusajo," sauti ikaja, safari hii ya chini, "nyumba inawaka. Mwambie afunike macho, nipite."

"Mwambieni baba nimefunika," akasema Madam, akavuta kanga mpaka kidevuni.

Lakini mzee alijua nusu ya heshima ni yake. Hata yeye hapaswi kuonyesha uso. Na humo ndani alikuwa na nini cha kujifunikia? Alitoka, vijana wangu, na ndoo kichwani. Imemeza kichwa mpaka mabegani, mshikio uko chini ya kidevu kama kamba ya kofia. Alitembea wima, taratibu, kama askofu. Hatua chache hivi. Kisha akapiga chafya ndani ya ndoo. Akapiga nyingine. Akageuka kushoto akagonga meza, akageuka kulia akagonga mwenyekiti, akaanza kuzunguka uani mikono imetangulia. Ndoo aliyoichukua ilikuwa ya rundo la ndani, lile ambalo hata maji ya mto lilikuwa bado halijayaona. Tukaivuta, ikakwama masikioni.

"Mzee!" mwenyekiti akapiga kelele kwenye ile plastiki. "Hii ndoo ya nani?"

"Yangu!" ndoo ikajibu. "Ni yangu! Zote zangu! Nitoeni!"

Tukavuta, ikatoka. Macho mekundu, mate yanamtoka, akatapika kwenye migomba yake mwenyewe.

Madam alikuwa ameelekea ukutani, kanga usoni, mabega yanamtetemeka. Sijui ni kicheko au nini. "Baba Lusajo, baba amesemaje?"

"Amesema ni zake."

"Mwandike hivyo. Na mwosheni baba haraka, macho na uso, maji mengi, kisha apelekwe hospitali."

Kazi ya kuosha ni yangu. Nilimkalisha mzee kwenye kigoda chake kile kile nikamwosha kama nilivyofundishwa: maji mara tatu, mkono mwepesi. Nilitamani sana ule waya wa masufuria. Sikuutumia. Akafungua jicho moja akanitazama, nami nikamwuliza, kwa adabu tu, habari za tumbo lake.

Sampuli zilipelekwa Mbeya kwenye mashine kubwa, nazo zikasema yale yale kwa maneno marefu zaidi. Mapipa na ndoo za stoo ile zilipondwapondwa. Mawese ya ndoo yalimwagwa, lakini ya vyungu yalirudishwa kwa mwenyewe, na lakiri ikatoka mlangoni kwa Mama Atu siku ya soko ili kila mtu aone. Kwaya ilikwenda kununua tena. Wa besi alibaki nyumbani.

Mzee Ndoo alipona. Watu wa aina yake hupona. Wiki haikupita nikaitwa kwake, nikamkuta amekaa kivulini, mnyonge, pembeni yake dume la ng'ombe mwekundu lililotolewa zizini kwake Makwale.

"Nimezeeka," akasema. "Nataka mkwe wangu anione, tusalimiane. Mpelekee ng'ombe huyu. Tukishaonana, nitakaa naye kama baba na mwana, tuongee kuhusu yale majibu, kabla hayajafika mbele zaidi."

Nikamswaga ng'ombe mpaka maabara, nikamfunga kwenye nguzo ya kibaraza. Madam akasikiliza ujumbe wote. Akampapasa ng'ombe pajini.

"Mnyama mzuri," akasema. "Mwambieni baba nashukuru sana. Lakini mimi bado namwogopa mno. Nitamwogopa mpaka kesi iishe, na baada ya hapo nitaona."

Majibu yakaenda mbele. Mwaka huu nimestaafu kwa hiari nikiwa na hamsini na tano, kwa sababu utumbo uliopunguzwa hautaki tena pikipiki za kufuata sampuli. Madam bado anatia sahihi, na dirisha la maabara sasa lina nondo, halina kazi nyingine.

Ila siku ile yule ng'ombe ilibidi arudi zizini, na zizi liko Makwale. Nilimswaga mwenyewe. Njiani nikakata kushoto kwenye migomba, nyuma ya nyumba ya kina Gwakisa. Amezikwa pale, na Lutengano hayuko mbali, ua ule ule wa ndugu. Ng'ombe wa Mzee Ndoo akaanza kula majani yaliyoota juu yao, nami nikamwacha ale, ndiyo rambirambi pekee ya maana iliyopata kutoka kwa mwenyewe.

"Jamani," nikawaambia, "haikuwa mkono wa mtu. Lilikuwa pipa. Amesema mwenyewe, kichwa kikiwa ndani."

Kisha nikapita kwa Mama Atu nikamwomba namba ya simu ya wanawe yule bibi, kule ng'ambo, nikampigia nikiwa nimeshika kamba ya ng'ombe. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nyumba yake ya Makwale bado ina bati.